Mkulima na mke wake: lugha inayomdharau mwanamke, na tuseme nini badala yake

Kiswahili kina bahati ambayo lugha nyingi hazina. Ukisema "amefika", hakuna anayejua kama aliyefika ni mwanamke au mwanaume mpaka umwone. "Yeye" ni neno moja kwa wote. Mwalimu, daktari, mjumbe, mvuvi, mkulima, diwani: hakuna hata moja lenye jinsia ndani yake. Waingereza iliwabidi watafute neno jipya ili mwanamke anayeongoza kikao asiitwe mwanaume. Sisi tulisema "mwenyekiti" tangu mwanzo, na kiti hakichagui anayekikalia.

Mtu angeweza kudhani basi kwamba Kiswahili hakina ubaguzi wa kijinsia. Lakini kaa nusu saa Kivukoni, pale tulipokuwa tukisubiri pantoni kabla ya daraja, au kijiwe chochote cha bodaboda mjini Ifakara, au mkutano wa kijiji huko Mlimba au Malinyi, kisha usikilize. Tatizo halimo kwenye sarufi. Limo kwenye namna tunavyozipanga sentensi zetu, nani tunamtaja na nani tunamruka, na utani upi tunauacha upite.

Makala haya yanaeleza maneno hayo, yanafanya nini, na mtu anaweza kusema nini badala yake. Tunaanza na kosa letu wenyewe.

Mkulima ni nani?

Kwa muda mrefu katika vipindi vya kilimo tulikuwa tukisema hivi: "Mkulima anashauriwa kumshirikisha mke wake anapouza mpunga." Sentensi ina nia njema. Lakini isome tena. Mkulima ni mwanaume, na mke ni mtu mwingine, asiye mkulima, wa kushirikishwa akitokea mume mwema.

Sasa tazama msimu wa mpunga katika bonde hili. Familia inahamia shambani, inaishi kwenye kibanda. Nani anapandikiza au kupanda? Nani anapalilia akiwa ameinama siku nzima kwenye maji? Nani anakaa kwenye dungu kuanzia alfajiri kuamia ndege, mtoto akiwa mgongoni? Nani anavuna, anapura, anapepeta? Wanaume wanalima pia, hatukatai. Lakini mwanamke aliyefanya yote hayo ni mkulima kamili. Akiitwa "mke wa mkulima", siku gunia linapopimwa mnunuzi anamtafuta "mkulima", na fedha zinaingia mkononi mwa mtu mmoja. Neno limeshagawa mavuno kabla ya mizani.

Siku hizi tunajaribu kusema "wakulima, wanawake na wanaume", au "mke na mume wanaolima pamoja wapange pamoja kiasi cha kuuza na cha kubakiza ghalani". Sentensi ni ndefu kidogo, lakini iko karibu zaidi na ukweli.

Neno jingine linalofanana na hilo ni "kusaidia". Tunasema mwanamke "anamsaidia mume wake shambani", hata kama ekari zote mbili kapalilia yeye. Mwanaume akichota maji ndoo moja au akimwogesha mtoto, tunasema "anamsaidia mke wake kazi za nyumbani", na majirani wanamsifu au wanamcheka. Kusaidia ni kufanya kazi ya mwenzako. Ukisema baba anamsaidia mama kulea, umeshasema malezi si kazi ya baba. "Wanalima pamoja", "wanalea pamoja", "leo baba anapika": maneno haya yapo, ni mepesi, na hayahitaji semina.

Kisha kuna "hafanyi kazi, yuko nyumbani tu". Karani anauliza kazi ya mama, mume anajibu "hana kazi". Mama huyo kaamka saa kumi na moja, kachota maji, katafuta kuni, kapika, kaenda shamba, karudi, kapika tena. Kama analima, kazi yake ni mkulima, iandikwe hivyo.

Bwana shamba aliyevaa gauni

Hapa hatuna hakika kama wasikilizaji wote watakubaliana nasi. "Bwana shamba", "bwana mifugo", "bwana afya": ni majina ya tangu zamani na wazee wetu wanayapenda. Hayana tusi ndani yake. Ila yalitungwa wakati waliofanya kazi hizo walikuwa wanaume. Leo kijiji kinapelekewa mtaalamu wa kilimo ambaye ni msichana aliyetoka chuoni. Tunamwita nani? Wengine wanasema "bibi shamba", wengine "mama bwana shamba", na kila linapotamkwa kuna kicheko pembeni. Jina la kazi lipo: afisa ugani, au afisa kilimo. Afisa mifugo. Afisa afya. Linamfaa yeyote, na linamwondolea kicheko mtu aliyekuja kuzungumzia magonjwa ya mpunga.

Angalia pia tunavyoongeza jinsia mahali isipohitajika. "Dereva mwanamke apata ajali." Tumewahi kusikia "dereva mwanaume apata ajali"? Madereva wengi wanaopata ajali barabarani ni wanaume, na jinsia yao haitajwi, kwa sababu hakuna anayeiona kuwa ndiyo sababu. Jinsia itajwe inapohusika na habari, isipohusika iachwe.

Rais Samia Suluhu Hassan alipoapishwa tarehe 19 Machi 2021, nchi nzima ilikuwa na mjadala huo mdomoni. Siku tatu baadaye, Dodoma, kwenye shughuli ya kumuaga Hayati Magufuli, aliwajibu waliokuwa na mashaka: aliyesimama mbele yao ni Rais wa Jamhuri ya Muungano, mwenye maumbile ya kike. Tazama mpangilio wake. Rais kwanza, maumbile baadaye.

Sifa nazo zinaweza kudharau. "Mama huyu kafanya kazi kiume." "Ana roho ya kiume." "Jike dume." Msemaji anadhani anasifu, lakini amesema nguvu, akili na ujasiri ni mali ya wanaume, na mwanamke akivionyesha ameazima. Sema "kafanya kazi kwa bidii", "ni jasiri", "ni hodari". Na neno "jike" tuwaachie mbuzi na ng'ombe.

Jina lake kwenye hati

Kuitwa Mama Fulani, kwa jina la mtoto, ni heshima kwetu, na hatusemi iachwe. Anayemwita jirani yake mzazi mwenzake kwa jina tupu anaonekana hana adabu. Shida inaanza pale jina hilo linapoingia kwenye karatasi.

Tangu mwaka 2016, vijiji vingi vya Kilombero, Ulanga na Malinyi vilipitiwa na programu ya kupima ardhi na kutoa Hati za Hakimiliki ya Kimila. Kwenye kazi kama ile wapimaji wanafika shambani na kuuliza, "Shamba la nani?" Ukijibu "la baba Fulani", au "la mzee", hapo swali limefungwa. Ukijibu "ni letu, mimi na mume wangu", majina mawili yanaweza kuandikwa. Hilo "ni letu" ni neno dogo sana kulitamka. Mume akifariki, ndilo linaloamua kama mjane atabaki au ndugu wa marehemu watakuja na gunia lao la maneno: "Shamba hili ni la ukoo, wewe ulikuja tu kuolewa."

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanaume, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu kisheria. Sheria hiyohiyo inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Kwa hiyo mwanamke anapofika mbele ya baraza aitwe kwa majina yake yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho chake. "Mama Fulani" si jina la mmiliki. Na wale wajumbe watatu nao wasiitwe "akina mama wa kujaza nafasi". Wamewekwa pale na sheria ileile iliyowaweka wale wanne.

Kuoa, kuolewa, kuachwa

Hapa ndipo sarufi yetu yenyewe inapoegemea upande. Mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa. Mmoja anatenda, mwingine anatendwa. Ndoa ikivunjika inakuwa vilevile: yeye "ameacha", yule "ameachwa" au "ameachika", kana kwamba ni kitu kilichosahaulika kituoni. Mwanaume akihamia kwenye nyumba ya mke wake, au akisikiliza ushauri wa mke wake, wanakijiwe wanasema "kaolewa huyo", na kila mtu anaelewa kuwa ametukanwa. Tusi liko wapi? Liko kwenye kufananishwa na mwanamke.

Hatutabadilisha kitenzi cha kuoa kwa makala moja, na wala hatuoni sababu ya kumzuia bibi kizee kusema mjukuu wake ameolewa. Lakini Kiswahili kina maneno ya watu wawili: "wameoana", "wamefunga ndoa", "wameachana", "wametengana". Yanasema kweli zaidi, hasa kwenye kuachana, maana mara nyingi anayeitwa "aliyeachika" ndiye aliyefunga virago mwenyewe akachoka kupigwa.

Na kuhusu kupigwa, sikiliza maneno yanayotumika: "kumtia adabu", "kumnyoosha", "kumrudi kidogo". Ni maneno ya mzazi kwa mtoto, au fundi kwa chuma. Yanafanya kipigo kionekane malezi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama kuna mila inayoruhusu. Basi jina lake ni kumpiga, na mtendaji wa kijiji anapoandika taarifa aandike "alimpiga", asiandike "walitofautiana kidogo ndani ya nyumba".

Maneno "tasa" na "mgumba" nayo yanarushwa upande mmoja. Ndoa ikikaa miaka mitatu bila mtoto, mama mkwe anajua tayari wa kumlaumu. Wataalamu wa afya wanasema sababu inaweza kuwa kwa mwanamke, kwa mwanaume, au kwa wote wawili, ndiyo maana wanataka wafike wote kupimwa. Kusema "hawajapata mtoto" kunatosha.

Nani alimpa mimba?

Hii ndiyo sehemu tuliyotaka msomaji aifikie, hata kama ataacha nyingine.

"Mwanafunzi apata mimba." Tumekisoma kichwa hicho cha habari mara nyingi, na hapa petu tumekitangaza. Kapataje? Kama anavyopata mafua? Mtaani ni zaidi: "kabeba mimba", "kaharibika", "kajiharibia maisha". Katika sentensi zote hizo kuna mtu mmoja tu, msichana. Yule mwingine hayumo. Amefutwa na lugha kabla polisi hawajaanza kumtafuta, na wakati mwingine ni mtu anayejulikana: dereva wa bodaboda anayemsafirisha kwenda shule, mpangaji, hata mwalimu.

Ukisema "mwanafunzi amepewa mimba", swali linalofuata linakuja lenyewe: na nani? Swali hilo lina uzito wa sheria. Kwa marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Elimu, anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Msichana naye maisha yake hayajaharibika: Novemba 2021 serikali ilitangaza kuwa wanafunzi waliokatiza masomo kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi shuleni baada ya kujifungua. Jirani anayemwita "aliyeharibika" anamfungia mlango ambao serikali imeufungua.

Vivyo hivyo kwa ubakaji. "Kachezewa", "kafanyiwa mchezo mbaya", "kaingia kwenye mtego wa wanaume". Mchezo ni wa watoto wawili. Mtu mzima aliyemwingilia mtoto amembaka au amemlawiti, na neno hilo ndilo litakaloandikwa mahakamani. Tunaelewa kwa nini wazazi hawalitamki: ni zito, na wanaona linamchafua mtoto. Lakini uchafu ni wa aliyetenda. Na swali la "alivaa nini?" au "alikuwa anatafuta nini njiani usiku?" halimhusu kabisa aliyefanyiwa kosa. Mwenye kesi kama hii aende Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Kwa mtoto, namba 116 ni ya bure kupiga.

Lipo pia lile la "ameshavunja ungo, ni mtu mzima sasa". Mtoto wa miaka 13 anafanywa mtu mzima kwa sentensi moja, na wiki mbili baadaye kuna posa. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, huku mvulana akitakiwa kufika 18. Mahakama Kuu mwaka 2016, kisha Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Aliyevunja ungo ni mtoto aliyevunja ungo. Tumwite mtoto.

Chombo, mzigo, kifaa

Vijana wa vijiweni msituchukie. Msichana anapita, mnasema "chombo hicho", "cheki kifaa", "mzigo umepita". Hivyo vyote ni vitu vya kubebwa na kutumiwa. Kiswahili kinaruhusu hata kumtoa mtu kwenye ngeli ya watu: "kile kidada", "lile jimama". Mtu mzima mwenye akili zake anageuzwa ki- au li- kama kigae. Ukimuuliza msemaji, atasema ni utani. Sisi tuna utani wa makabila, tunaujua vizuri, na watani wanajuana: anayetaniwa anaruhusiwa kurudisha, na anacheka. Msichana anayeharakisha hatua huku akitazama chini hajacheka.

Maneno ya namna hiyo yakizidi yanaweza kuwa kosa. Kanuni ya Adhabu, baada ya marekebisho ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, inatambua kuwa unyanyasaji wa kijinsia unaweza kufanywa kwa maneno, si kwa kushika tu.

Wanaume nao

"Mwanaume halii." "Jikaze, wewe si dume?" "Unaogopa sindano kama mwanamke?" Maneno haya yanamdharau mwanamke na kumwumiza mwanaume kwa pigo moja. Mvulana wa miaka saba anafundishwa kuwa maumivu yake ni aibu. Akiwa na miaka arobaini anakohoa mwezi mzima na haendi kituo cha afya, anasema "itapita tu". Anafika hospitali akiwa amebebwa.

Na mwanaume anayepika, au anayempeleka mtoto kliniki, anaambiwa "kalishwa limbwata". Tumesikia baba aliyekuwa akimsindikiza mke wake mjamzito kila mara akaacha kwa sababu ya neno hilo moja. Wahudumu wa afya siku hizi wanasema "mjamzito na mwenza wake". Neno "mwenza" ni zuri, tulitumie.

Tukumbuke pia maneno ya shule. Mwalimu akisema "kesho mje na mama zenu", baba ameshapewa ruhusa ya kutokuja. "Mzazi au mlezi" linawaita wote. Methali zetu zenyewe haziendi njia moja: iko ile ya asiyefunzwa na mamaye kufunzwa na ulimwengu, inayotolewa kila kijana anapoiba kuku, na mama analaumiwa huku baba ameketi palepale mkutanoni. Lakini iko pia ile ya uchungu wa mwana, nayo inasema anayeujua ni mzazi.

Ukitaka kupima

Njia tunayoitumia studio ni rahisi. Geuza sentensi. Palipo na mwanamke weka mwanaume, kisha isome kwa sauti. "Mwanaume huyu ni mzuri, ila anapenda kuongea mikutanoni." "Baba wa watoto watatu achaguliwa mwenyekiti wa kijiji." Ukijikuta unacheka, sentensi ya kwanza ilikuwa na kasoro.

Kumsahihisha mtu ni kazi nyingine, na inategemea ni nani. Rafiki yako wa kijiweni unaweza kumkatisha hapohapo. Mzee huwezi kumsimamisha mbele ya watu. Mwache amalize, halafu wewe unapochukua nafasi ya kuongea tumia neno lako: yeye kasema "wakulima na wake zao", wewe unasema "shikamoo mzee, nakubaliana nawe, sisi wakulima, kina mama na kina baba". Hakuna aliyeaibishwa, na neno limesikika. Kwa watoto, njia ni fupi zaidi: kaka na dada wote waoshe vyombo, hapo hakutakuwa na haja ya kueleza kitu.

Nasi tunateleza. Mtangazaji akiwa hewani na dakika zinamwishia, ulimi unarudi kwenye "bwana shamba" kabla hajafikiri. Msikilizaji akitupigia na kutukumbusha, tunasahihisha kipindi kinapoendelea.

Hapa tumeongelea Kiswahili peke yake. Kipogoro, Kindamba, Kibena na Kisukuma zina misemo yake, mingine mikali kuliko hii, mingine yenye heshima ambayo Kiswahili hakina. Anayeijua atutumie ujumbe, aandike na kijiji chake, tuisome hewani.